Neno Lisiloeleweka Halijasomwa Bado

Mahubiri ya Jumapili ya Biblia
Somo: Nehemia 8:1-12



Katika Kitabu cha Sala tulichorithi, Jumapili ya pili ya Majilio ina sala fupi ya Askofu Mkuu Cranmer kuhusu Maandiko Matakatifu. Tunamwomba Mungu atupe neema ya kuyasikia na kuyasoma, na zaidi ya hapo yaingie ndani yetu kama chakula kinavyoingia mwilini, ili tulishike tumaini la uzima wa milele. Kwa ajili ya sala hiyo Waanglikana wa vizazi vingi wameiita siku hii Jumapili ya Biblia. Mwaka huu nataka tuulizane swali moja tu: mtu atakimezaje chakula asichoweza kukitafuna?

Somo letu latupeleka Yerusalemu. Watu wamerudi kutoka uhamishoni, na ukuta wa mji umejengwa upya siku si nyingi zilizopita. Wakakusanyika uwanjani mbele ya Lango la Maji, wanaume kwa wanawake, pamoja na watoto waliokwisha kuwa na akili ya kusikia. Wakamwomba Ezra alete kitabu cha Torati. Ezra akapanda juu ya jukwaa la mbao, akasoma tangu asubuhi mapema hata saa sita za mchana. Mpaka hapo hakuna la kutushangaza, maana hata sisi tunajua ibada ndefu.

Lakini katika mstari wa saba Nehemia anaingiza orodha ya majina, na sisi tunaosoma masomo kanisani huyapita mbio kwa sababu ni magumu kutamka. Hesabuni mtakapofika nyumbani. Ni majina kumi na matatu. Hao, pamoja na Walawi, walikuwa na kazi moja: kuwaeleza watu maana ya kile kilichokuwa kikisomwa, pale pale walipokuwa wamesimama. Msomaji alikuwa mmoja, na waelezaji walikuwa wengi.

Kwa nini ilihitajika hivyo? Kwa sababu Torati iliandikwa kwa Kiebrania, na wengi wa watu wale walitoka katika nchi ambako Kiaramu kilikuwa lugha ya serikali na ya soko. Katika sura ya 13 ya kitabu hicho hicho Nehemia analalamika ya kwamba watoto wengine walikuwa hawajui hata kusema lugha ya Yuda. Ezra angaliweza kusema, "Shauri lao, kitabu ni kitakatifu, wajitahidi wenyewe." Hakusema hivyo. Kwake yeye, kusoma kulikuwa hakujakamilika mpaka msikiaji ameelewa.

Sasa niwasimulie jambo lililonipata mimi mwenyewe.

Jumatano moja jioni tulikuwa katika darasa la Biblia nyumbani kwa mama mmoja, si mbali na barabara kuu ya kwenda Moshi. Tulikuwa watu kama kumi na mmoja, na tulikuwa tunasoma Warumi sura ya tatu katika Biblia ya Union, ile ambayo karibu sote tumekua nayo. Nilipomaliza nikauliza kama tunavyouliza siku zote, "Tumeelewa?" Wote wakajibu, "Ndiyo." Kwa kawaida ningeendelea mbele. Siku ile, sijui kwa nini, nikamgeukia mzee mmoja, Mmeru, aliyekuwa amekaa karibu na mlango.

Nikamwambia, "Baba, hili neno la kuhesabiwa haki, wewe umelisikiaje?"

Akanijibu bila kusita, "Kasisi, hilo nalijua tangu utoto. Haki ni kile ulichonyang'anywa. Siku ya mwisho Mungu atakaa na daftari, atahesabu haki ya kila mtu, naye atampa mwenyewe. Mimi nangoja yangu."

Ndugu, nilinyamaza kwa muda. Mzee yule amesikia mahubiri ya imani kwa zaidi ya miaka sitini. Amesikia makasisi na wainjilisti, wetu na wa ndugu zetu Walutheri, wakisema ya kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani. Na kila mara alikuwa akisikia habari ya deni analodai. Sisi tulikuwa tunahubiri neema, naye alikuwa akisikia hesabu.

Msimcheke. Katika mwaka wa 1951 serikali ya Kiingereza iliwaondoa Wameru kwa nguvu katika nchi yao ya Engare Nanyuki ili wapewe walowezi wa Kizungu. Mzee wetu alikuwa mtoto mdogo, na aliona nyumba zikichomwa. Mwaka uliofuata, 1952, Wameru walimtuma Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa, New York, akafuatana na wakili Earle Seaton, kuitetea nchi ile. Walisikilizwa, lakini wakati ule ardhi haikurudishwa. Basi, neno "haki" liliingia katika masikio ya mtoto yule pamoja na harufu ya moshi. Na ni mwaka huo huo wa 1952 ambapo Biblia ya Union ilitoka, ikiwa na maneno haya ya "kuhesabiwa haki". Neno moja likaja Meru kwa milango miwili katika mwaka mmoja, na mlango wa kwanza ndio uliobaki wazi.

Hapa ndipo penye fundisho la kwanza. Neno lisipoeleweka halibaki tupu. Msikiaji hulijaza kwa kile alicho nacho.

Mtoto mmoja wa shule ya Jumapili aliambiwa achore silaha za Mungu katika Waefeso sura ya sita. Alichora ngao vizuri, na upanga akauchora vizuri. Alipofika kwenye "chapeo ya wokovu" alichora chapati, akaiweka juu ya kichwa cha askari. Tulicheka sana. Lakini mtoto yule hakuwa mjinga. Chapeo ni neno la Kireno lililoingia pwani zamani, maana yake kofia. Hapa Makumira nani anakwenda sokoni Tengeru kununua chapeo? Na "dirii", ambalo ni vazi la chuma la kufunika kifua, nani ameliona? Mtoto alipewa chombo kisicho na kitu ndani, naye akatia chakula anachokijua. Katika darasa la vijana nilimwuliza mmoja maana ya "kiasi" katika tunda la Roho, Wagalatia sura ya tano. Akanieleza ya kwamba upendo, furaha na amani viwe vya kiasi tu, visizidi. Mtume alikusudia mtu ajizuie na kuzitawala tamaa zake, na kijana wetu akaelewa ya kwamba hata upendo una kipimo.

Wameru na Waarusha wanayo kumbukumbu nyingine, nzito kuliko hizi. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walipiga hema Akeri, karibu nasi hapa. Walikuja na Injili. Lakini jeshi la Wajerumani nalo lilikuwa likizunguka katika nchi hii siku zile zile, na watu wangewezaje kuwatenganisha? Usiku wa mwezi wa Oktoba wakauawa. Walikuwa hawajapata nafasi ya kusema neno likaeleweka, na watu wakalisoma hema lao kwa kile walichokwisha kukiona. Kisha likaja jeshi kulipiza kisasi, na wengi wakafa. Kazi ya Injili ilianza tena baada ya miaka kadhaa, pale Nkoaranga. Nakumbusha jambo hili ili tuone ya kwamba kutoelewana katika mambo ya Mungu si kosa dogo la sarufi. Laweza kumwaga damu.

Fundisho la pili: kusema Neno kwa lugha inayoeleweka si mtindo mpya, wala si kuwabembeleza wavivu. Ni agizo tulilopewa na wazee wetu wa imani.

Mtume Paulo aliwaambia Wakorintho ya kwamba afadhali maneno matano yenye kueleweka kanisani kuliko maneno elfu kumi yasiyoeleweka. Kanisa letu la Anglikana lilijengwa juu ya neno hilo. Katika zile Kanuni 39 za Dini, ya 24 inakataza waziwazi sala za kanisa na sakramenti kufanywa kwa lugha ambayo watu hawaielewi. Cranmer alipotoa Kitabu cha Sala mwaka 1549, alikitoa kwa Kiingereza cha watu wake, akiacha Kilatini. Kabla yake William Tyndale aliahidi ya kwamba kijana anayeshika plau shambani atayajua Maandiko kuliko wakuu wa kanisa wa siku zile. Agano Jipya lake kwa Kiingereza lilichapishwa mwaka 1526, na mwaka 1536 akanyongwa na mwili wake ukachomwa moto.

Na jambo la ajabu ni kwamba Agano Jipya lenyewe liliandikwa kwa lugha ya soko. Zamani wataalamu walishangaa kwa nini Kigiriki chake hakifanani na kile cha wanafalsafa. Kisha mwishoni mwa karne ya 19 yakachimbuliwa huko Misri makaratasi ya mafunjo kwa maelfu: risiti, mikataba ya kukodi mashamba, barua za watoto kwa wazazi. Lugha yao ilikuwa ile ile ya Mathayo na Paulo. Roho Mtakatifu alichagua Kigiriki cha wauza samaki. Kama Bwana mwenyewe hakuona haya kuzaliwa horini, Neno lake litaona haya gani kukaa sokoni?

Katika nchi zetu kazi hii ilianza kwa machozi. Ludwig Krapf, aliyetumwa na CMS, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Juni alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji. Mwezi wa Julai akamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga, akaendelea na kazi. Huko Unguja Edward Steere wa UMCA, aliyefika mwaka 1864 na baadaye akawa Askofu, alikaa kwanza akasikiliza hadithi za watu wa mji, akazichapisha mwaka 1870. Alijua ya kwamba asiyejua jinsi watu wanavyosimuliana mambo yao hawezi kuwasimulia mambo ya Mungu. Biblia nzima ya Kiunguja ilitoka mwaka 1891, miaka tisa baada ya kifo chake. Ndugu wa CMS nao wakatoa yao ya Kimvita mwaka 1914. Mwaka 1937 ikatoka Biblia ya Karl Roehl, Mlutheri, aliyeona Kiswahili cha pwani kina maneno mengi mno ya Kiarabu kwa masikio ya watu wa bara, akatafuta ya Kibantu.

Basi tukawa na Biblia tatu za Kiswahili. Ile ya 1952 iliitwa ya Union kwa sababu ilikusudiwa kutuunganisha, na kweli ilituunganisha. Baada yake, Wakatoliki na Waprotestanti wakakaa meza moja, wakatoa Agano Jipya liitwalo Habari Njema kwa Watu Wote mwaka 1977, na Biblia nzima ya Habari Njema ikafuata katika miaka ya 1990. Hapo watafsiri waliweka lugha ya kila siku. Pale ambapo Union ina "kuhesabiwa haki", Habari Njema inasema habari ya mtu kukubaliwa na Mungu kuwa mwadilifu.

Wenzetu wa Kiingereza wamepita njia hiyo hiyo. Vijana wetu wanaosoma hapa Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, ambacho Walutheri walikifungua kama chuo cha theolojia, wanajua ya kwamba Biblia ya Mfalme Yakobo ya mwaka 1611 ina maneno yaliyogeuka kabisa. Katika Wathesalonike wa Kwanza sura ya 4 kuna neno ambalo siku zile lilimaanisha "kutangulia", na leo Mwingereza akilisikia anaelewa "kuzuia". Wakati wa Vita Kuu ya Pili kasisi mmoja Mwanglikana wa London, J. B. Phillips, aliona ya kwamba vijana wa kanisa lake hawaelewi nyaraka za Paulo hata kidogo. Mabomu yalikuwa yakianguka, na vijana wale walihitaji neno la kushika. Akaanza mwaka 1941 na Wakolosai, akawaandikia kwa Kiingereza wanachozungumza. Mwaka 1947 nyaraka zote zikatoka katika kitabu kimoja. Hakungoja kamati. Aliwatazama watu wake usoni, akaona hawajashiba.

Wengine watasema, "Kasisi, basi unataka tuitupe Biblia yetu ya zamani?" La, hasha. Mimi mwenyewe nitazikwa kwa maneno yake. Zaburi ya 23 tunayoijua kwa moyo ni ile, nayo imewashika mkono wengi waliokuwa wakikata roho. Tena watafsiri wa 1952 hawakukosea. Neno "haki" ni neno zuri, na ni la kweli, maana Paulo anazungumza kweli kama mtu aliye mbele ya hakimu. Maneno husafiri kama watu, na likirudi nyumbani baada ya miaka sabini laweza kuwa limebadilika sura. Tena tukumbuke ya kwamba lugha nyepesi nayo yaweza kupunguza utamu, na hakuna tafsiri moja inayobeba kila kitu. Kwa hiyo nasema, tuwe nazo zote mbili mezani. Tusome moja kwa sauti, tufungue ya pili tuulizane.

Wala tusidhani ya kwamba neno la zamani la haki halina kazi tena. Wameru walidai kilicho chao, na manabii Amosi na Mika wangesimama pamoja nao. Mungu anachukia kunyang'anywa kwa mnyonge. Hilo ni neno lake katika mahali pake. Lakini Warumi sura ya tatu inasema neno lingine: ya kwamba mbele zake hakuna hata mmoja mwenye kudai, na ya kwamba yeye amempokea asiyestahili.

Nalo latuleta kwenye fundisho la tatu, ambalo ni gumu kuliko yote. Neno likieleweka, linadai.

Narudi kwa mzee wetu. Jumatano ile nilifungua Habari Njema, nikamsomea sura ile ile. Kisha nikamweleza kwa maneno yangu: "Baba, maana yake si kwamba Mungu anakuhesabia unachodai. Maana yake ni kwamba wewe ndiye unayedaiwa, huna cha kulipa, naye kwa ajili ya Yesu anakupokea kama mtu mnyofu, bure, ukimwamini."

Akanyamaza. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia. "Hata ndugu yangu?"

Wote pale nyumbani walijua anachosema. Yeye na ndugu yake wa tumbo moja walikuwa na shauri la mpaka wa shamba la migomba na kahawa waliloachiwa na baba yao. Kwa miaka kumi na moja hawakuwa wakiingiliana nyumbani. Mzee alikuwa akiingoja siku ya mwisho, daftari lifunguliwe, na ndugu yake aaibishwe mbele ya wote. Ndilo tumaini alilokuwa nalo kanisani kila Jumapili.

Nikamjibu, "Hata yeye, baba, akiamini."

Akasema, "Bila kunilipa kwanza?"

Sikuwa na jibu la kumpendeza. Nilisema, "Ya mpaka yana mahali pake, wazee wataamua. Lakini Mungu hangoji mpaka ule uishe ndipo ampokee." Mzee akachukua fimbo yake, akaaga kwa heshima, akaondoka. Jumatano iliyofuata hakuja. Na ile nyingine hakuja. Mwenye nyumba akaniambia, "Kasisi, ungemwacha tu na daftari lake." Nikalala na neno hilo, maana nami nilijiuliza kama nimemjenga au nimembomoa.

Ndugu wapenzi, tusome tena Nehemia. Watu wale walipoelewa, walifanya nini kwanza? Mstari wa tisa unasema ya kwamba walilia. Kabla ya kuelewa walisimama kwa heshima, wakainua mikono, wakasema Amina. Hakuna aliyelia. Kilio kilikuja pamoja na maana. Kumbe Amina zetu nyingi ni nyepesi kwa sababu hatujajua tunaitikia nini! Huenda wengine wetu twaipenda lugha ngumu kwa sababu hiyo. Maneno makubwa yasiyoeleweka hayamsumbui mtu. Yanapita juu ya kichwa kama wingu la Meru lisilonyesha.

Juma la tatu nilimkuta mzee nje ya nyumba, amefika kabla yangu. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." Akanijibu, "Marahaba, mwanangu." Kisha akasema, "Nilikwenda. Nilikaa kwake, nikanywa chai." Hakuongeza neno, nami sikuuliza. Shauri la mpaka bado liko mbele ya wazee mpaka leo ninapoandika, na sijui litaamuliwaje. Lakini mlango uliofungwa miaka kumi na moja ulifunguliwa na neno ambalo lilikuwa limesomwa mbele yake maisha yake yote, na lilikuwa bado halijasomwa.

Basi tufanye nini sisi wa mtaa huu? Naomba mambo matatu.

La kwanza ni kwenu wasomaji wa masomo. Msilione somo kwa mara ya kwanza mkiwa mbele ya kanisa. Lisomeni nyumbani tangu Ijumaa, katika tafsiri mbili, na neno msilolijua ulizeni. Msomaji asiyeelewa hawezi kumwelewesha mtu, hata awe na sauti ya tarumbeta.

La pili ni kwetu makasisi, wainjilisti na walimu wa shule ya Jumapili. Tuache kuuliza, "Mmeelewa?" Swali hilo lina jibu moja tu, maana nani atakubali kuaibika mbele ya watu? Tuulize, "Umesikia nini?" Kisha tunyamaze tusikilize. Filipo alipomkuta yule Mkushi garini akisoma Isaya, alimwuliza kama anaelewa, naye mtu yule alikuwa na unyenyekevu wa kusema hapana. Wengi wetu hawana. Na bibi zetu ambao Kiswahili kwao ni lugha ya pili, wajukuu wakae karibu nao, wawaelezee kwa Kimeru. Mjukuu anayefanya hivyo amekuwa mtu wa kumi na nne katika orodha ya Nehemia.

La tatu ni kwetu sote. Ezra na wenzake waliwaambia watu waache kulia, waende wale vilivyonona, wanywe, na wampelekee sehemu yule asiyekuwa na kitu. Mstari wa 12 unasema walifanya hivyo kwa furaha kuu, kwa sababu walikuwa wameelewa yale waliyoambiwa. Neno lililoeleweka haliishii masikioni. Linatoka mlangoni likiwa na bakuli mkononi. Ukielewa leo, nani utampelekea sehemu yake kesho? Pengine ni jirani mwenye njaa. Pengine ni ndugu yako wa upande wa pili wa mpaka.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, uliyemtuma Mwanao kukaa kati yetu na kusema kwa maneno ya wavuvi na wakulima, utuondolee aibu ya kuuliza na kiburi cha kudhani tunajua. Uwabariki wote wanaotafsiri Neno lako na wote wanaolieleza. Utupe kuelewa, hata kama kuelewa kutatuliza. Kisha utupe furaha ya kuligawa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.